Fundi Aliyechukia Joto

Marehemu baba yetu aligusa kila kitu kwa mgongo wa kidole cha shahada. Redio, pasi, taa, paji la uso la mtoto mwenye homa, hata ukuta uliopigwa na jua: aligusa, akanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza jambo kutoka chumba cha pili, kisha akatoa hukumu. "Hiki kinapoteza," alisema, au, "Hiki kiko sawa." Kwake joto lilikuwa umeme uliopotea njia, na aliusikitikia kama mgeni aliyeshindwa kufika.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa stesheni na mshona nguo, katika nyumba za wafanyakazi wa reli zilizokuwa mstari mmoja nyuma ya ghala. Alisoma shule ya msingi hapo hapo stesheni, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu fani ya elektroniki mwezi Novemba 1969. Shangazi yetu husimulia kwamba likizo ya kwanza alirudi na transista moja ndani ya kiberiti, ndogo kama punje ya mahindi, akawaambia wadogo zake kuwa ni mlango. Walikaa wakiitazama mchana kutwa, wakingoja ifunguke.

Januari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha kuunda redio, akadumu hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2004 akiwa mkuu wa usanifu wa saketi. Wenzake walimwita Mzee Baridi. Redio zilizopita mikononi mwake zilikaa na betri zilezile miezi mitatu, ilhali redio za wengine zilizimaliza kwa mwezi mmoja. Idara ya mauzo, ambayo iliuza na betri pia, haikumpenda sana kwa hilo.

Alimwoa mama yetu, mwendesha simu wa posta, tarehe 7 Desemba 1974. Siku aliyokwenda kujitambulisha kwa wakwe, aliiona redio ya babu mezani, akashindwa kujizuia, akaigusa mgongoni. Akawaambia wazee kwa upole kwamba inateseka. Babu alimgeukia bibi akauliza kama kijana huyu amekuja kuomba binti au kukagua vyombo.

Mwezi Machi 2010 mapafu ya mama yalidhoofika, akaanza kuishi kwa mashine ya oksijeni. Umeme ulipokatika, mashine ilitegemea betri kupitia inveta, kile kisanduku kinachougeuza umeme wa betri uweze kuiendesha. Betri ilidumu saa nne na dakika kumi. Mtaani kwetu umeme ulikuwa ukikatika kwa saa tano. Mara mbili tulimkimbiza mama hospitali kwa gari la jirani, midomo yake imebadilika rangi. Mdogo wangu alitaka tuongeze betri ya pili. Baba aliigusa inveta, akaondoa kidole haraka.

"Huko ni kumlisha mwizi," alisema. "Tumtoe kwanza."

Alihamishia meza yake ya ufundi ukumbini, karibu na kiti cha mama. Ndani ya kisanduku kile transista, ile milango midogo ya umeme, hufanya kazi kwa jozi: moja ikifunguka, mwenzake hufungwa, mara maelfu kwa sekunde. Baina yao huwekwa kitambo kidogo cha kungoja, na aliyekiunda kisanduku alikuwa amekifanya kifupi mno. Baba, ambaye kila kusubiri alikuona ni kupoteza, alikifuta kabisa. Bodi tatu za saketi ziliungua. Mzembe asingelifanya kosa hilo. Lilihitaji bahili wa umeme kama yeye.

Alasiri moja alifungua mlango wa uani hali mlango wa barazani nao uko wazi. Upepo ukakatiza nyumba moja kwa moja, ukapeperusha michoro yake yote pamoja na kitambaa alichokuwa akidarizi mama. Mama, bomba la hewa likiwa puani, alisema bila kugeuka, "Baba watoto, funga mmoja ndipo ufungue mwingine. Mbona huna subira?"

Baba alibaki pale kizingitini, mkono kwenye kitasa, kwa muda mrefu hata mama akadhani anaumwa. Umeme nao ulikuwa ukipita vivyo hivyo: milango miwili wazi kwa pamoja, nguvu ikikatiza bila kufanya kazi yoyote, ikiacha joto tu. Akairudishia saketi subira yake, akaipima kidogo kidogo kwa wiki tatu, isizidi wala isipungue.

Tarehe 19 Agosti mwaka huo umeme ulikatika saa saba mchana. Tuliketi sote ukumbini. Mashine ilivuma taratibu, na jua likasogea sakafuni kutoka mguu wa meza hadi ukutani. Saa nne zikapita, dakika kumi zikapita. Mama akasinzia. Umeme uliporudi saa kumi na mbili na nusu jioni, betri ilikuwa bado na dakika ishirini.

Moyo wa baba ulianza kuchoka mwaka 2021. Alilazwa mara tatu, mara ya mwisho tarehe 28 Januari 2024, akafariki Ijumaa tarehe 9 Februari, saa kumi jioni, akiwa na miaka sabini na minne.

Ameacha mjane, dada mmoja, watoto wawili, yaani mimi na mdogo wangu fundi magari, na wajukuu watano. Mashine ile iko hapa leo kwenye kitoroli, kando ya kiti cha mama, ikienda kwa betri, maana makaburini hakuna umeme. Anayetaka aiguse inveta yake kwa mgongo wa kidole. Mungu amlaze baba mahali patulivu.

Siku mbili kabla hajatutoka, aliniuliza betri ya mama sasa inadumu saa ngapi. Nikamwambia imezeeka, inafika saa tano. Alifumba macho, akahesabu kwa sauti ya chini: mwendo wa kwenda, ibada, kuzika, mwendo wa kurudi. Nilielewa anachohesabu. Akanyamaza kidogo, kama alivyonyamaza kila alipogusa kitu.

"Zinatosha, mwanangu. Mama yako atanisindikiza," alisema. "Ila wasifu usiwe mrefu."