Bi. Yuditha Eliasi, Mkaanga Bagia wa Kwaluguru

Dada yetu Yuditha alizaliwa tarehe 12 Machi 1931 katika kambi ya wakata mkonge, Ngombezi, Korogwe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Eliasi, aliyetoka Kasulu kuja kutafuta kazi, na marehemu Mama Paulina. Mimi ninayesoma, Yordani, ni mdogo wake.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Baba alipoumia mkono kiwandani mwaka 1946, aliacha masomo akamsaidia mama kukaanga bagia za kunde.

Kazi hiyo hakuiacha tena. Kunde alizisaga kwa jiwe, na ukimshauri azipeleke mashineni alikutazama kama umemtukana. Jioni wakata mkonge walizila wamesimama, wakibishana mpira na siasa. Siku ya Uhuru ziliisha asubuhi mapema, akabaki anacheka na sinia tupu.

Tarehe 16 Agosti 1952 alifunga ndoa na Ndugu Dominiko, wakajaliwa Justa na Kudra. Kazi ya mkonge ilipopungua, mwaka 1974 walihamia kijiji cha ujamaa hapa Kwaluguru, Handeni.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Alipeleka bagia kwenye shamba la kijiji, kila mtu akamjibu kwa adabu, “Nimeshiba, mama.” Ilisemekana watu wa kambini hukaanga nguruwe katika vikaango vyao. Siku moja alizikuta bagia zake zimemwagiwa kuku. Nilimsihi arudi Ngombezi. Alilia sana, kisha akaloweka kunde nyingine.

Ndipo jirani yake, Bi. Hajira, akaja na kikaango chake mwenyewe.

“Dada, kaangia humu. Hiki hakijaona nguruwe.”

“Hata changu hakijaona, dada yangu.”

“Mimi najua. Wenzangu hawajui. Tuanze na hiki.”

Bi. Hajira alikula ya kwanza mbele za watu. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, nyumba nyingi zilituma watoto kwa Yuditha kuchukua bagia za futari.

Februari mwaka huu alianza kuumwa tumbo, akalazwa hospitali mjini Korogwe. Alikonda hata pete ikamvuka kidoleni. Aliniambia, “Yordani, mnizike Kwaluguru. Mkinirudisha Ngombezi, nitakuwa nimefukuzwa.” Niliitikia, lakini niliogopa. Ardhi ni ya wenyeji, na sisi ni Wakristo wa kuja. Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Septemba 1977, saa tisa alasiri. Uchungu huu hatuna pa kuupeleka.

Jana nilikwenda kwa Mzee Mhina, mume wa Bi. Hajira, kumwomba mahali pa kumzika. Nilianza kueleza, akanikatiza: “Unaniomba nini, mwanangu? Mama Justa ni wa hapa. Tumekula kwake.” Akanionyesha ukingo wa shamba lake. Kaburi hili lilichimbwa leo asubuhi na vijana wa Kiislamu, wamefunga Ramadhani, na maji hawajagusa.

Ameacha mume, Ndugu Dominiko, watoto wawili, Justa na Kudra, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, na Bi. Hajira, aliyekaa tangu jana mkekani pamoja na wafiwa, kwa kuwa naye amefiwa.

Dada, hakuna aliyekufukuza. Pumzika kwa amani hapa kwenu.