Mansuetus Kapinga na Landrova ya Kumleta Mama Mkwe

Baba Paroko, wafiwa na ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Hyasinti, mdogo wa marehemu, na kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yetu.

Mansuetus Tobias Kapinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Ukata, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha akajifunza ufundi wa magari Songea, akahudumia malori ya kahawa ya ushirika kwa miaka mingi, na baadaye malori ya makaa ya mawe kule Ngaka, hadi alipostaafu mwaka 2017.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na Aurelia, binti wa Ngumbo, ziwani, na Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza akiwa Elias. Shemeji yetu alikuwa na huzuni moja, kwamba mama yake, Mama Tereza, goti lilikataa kukunjika tangu mwaka 1999, hakuweza kupanda basi wala lori, na Aurelia aliogopa mama angefariki bila kukanyaga tena nyumba ya bintiye.

Ndipo marehemu, baada ya kustaafu, akanunua Landrova ya mwaka 1968, chasisi imeliwa na kutu, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva, akaivuta kwa trekta hadi uani, nasi tukamcheka sana. Bolti zilizogoma aliziloweka kwenye maji yaliyochacha ya maganda ya kahawa, kutu ikaachia, ingawa majirani walifunga madirisha kwa ile harufu, na Oktoba 2021 gari likanguruma, akateremka Ngumbo peke yake, kifua mbele.

Huko ndiko fundi wetu alikokumbuka ukwe, kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani wala kugusana. Kwa mguu ule ulionyooka, nyuma hapakumtosha mama, na kiti cha mbele kilitosha watu wawili tu, yaani mkwe bega kwa bega na mkwe, jambo ambalo Mama Tereza alilikataa katakata, basi bwana mkubwa akarudi na gari tupu, akang'oa viti vyote vya nyuma, akaweka benchi refu na ngazi fupi, na tarehe 18 Juni 2022 akampandisha mama mlimani hadi hapa Ukata, mguu umenyooshwa kwa raha zake, Aurelia akilia njia nzima kwa furaha.

Februari mwaka huu wa 2025 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa Mbinga na Songea, kisha akarudi nyumbani. Kwa heshima ya ukwe, Mama Tereza hakuingia chumbani kwake, ila kila jioni aliketi nje ya mlango akianzisha rozari, na marehemu akiitikia kutoka ndani. Jioni ya Jumanne, tarehe 9 Septemba, hakuitikia, ndipo mama aliponyanyuka na goti lake, akaingia, akamfumba macho kwa mkono wake mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliovumilia harufu na kelele, mafundi wenzake wa Ngaka, na Jumuiya kwa sala zenu. Landrova anaiendesha Elias, na ameahidi wazee wenye miguu mibovu hawatabaki nyumbani Jumapili.

Kaka Mansuetus, pumzika katika amani ya Bwana, mama mkwe yupo nyumbani kwako, na amesema harudi Ngumbo.