Mama Kadi Ameondoka, Kamusi Imetoka

Mimi nina miaka sabini na minne. Katika kiwanda hiki cha uchapaji nimezika mashine tano, nimewaaga mameneja sita, na paa la mabati nililolikuta jipya limeoza na kung'olewa mimi bado nashona vitabu. Kwa hiyo niliposikia mpokezi ndiye atakayeandika wasifu huu, nilikataa. Ana miaka miwili hapa, anajua nini? Kalamu nimeishika mwenyewe, ingawa niliyoizoea ni sindano.

Tunayemuaga ni msahihishaji wetu, Mama Kadi, aliyetumikia miaka thelathini na mmoja na kustaafu Ijumaa iliyopita, tarehe thelathini.

Aliletwa kusoma kurasa kabla hazijaenda mashineni. Mwaka wake wa nne akaanza kutunga kamusi ya maneno ya Kiingereza yanayokaribiana mlio, kadi moja kwa maana ya vitabuni, nyingine kwa maana ya mtaani. Chukua "chick" na "cheek". Vitabuni la kwanza ni kifaranga, la pili ni shavu. Mtaani la kwanza ni msichana, la pili ni ujuvi. Mgeni wa lugha akiyavuruga hayo mbele ya wakwe, atajua hajui.

Neno la mtaani hakuliandika mpaka alisikie kwa mtu asiyejua kwamba anasikilizwa. Ndiyo maana alikuwa akishinda kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambako vijana huchanganya Kiingereza cha mtaani. Vijana wakamdhania mpelelezi, wakafunga midomo. Yeye akaendelea kwenda kila Jumamosi, miezi miwili, anajifanya kusinzia kwenye benchi, hadi mmoja akamuuliza mwenzake, "Oya, huyu bi mkubwa anapumua kweli?" Siku hiyo walikuwa wameshamzoea, wakaropoka watakavyo. Alirudi na maneno tisa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wiki tatu kabla hajastaafu, meneja alisema kamusi ikiwa tayari kabla mwenyewe hajaondoka, itachapwa. Isipokuwa tayari, kadi ziende stoo, maana hakuna mwingine anayezielewa. Miaka ishirini na saba ya mtu ikawa inaning'inia kwenye wiki tatu.

Basi mimi nikabeba droo nne za kadi kwa mpigo kuzipeleka kwa mpanga kurasa. Mlinzi akaniambia, "Mzee, beba mbili mbili." Nikamjibu kwamba kabla mama yake hajaolewa nilikuwa nabeba sita. Ngazi zilikuwa zimelowa, hilo lazima lisemwe. Kadi elfu mbili na mia sita zilifika chini kabla yangu.

Mama Kadi alikaa kwenye ngazi ya mwisho, akaokota kadi moja, akaifuta kwa mkono wa gauni. Heri angenitukana.

Lakini kila jozi ya kadi nilikuwa nimeishona mimi kwa uzi wa kitabu. Yeye zamani alitaka vibanio, nikagoma, tukanuniana siku nne. Haikuachia hata jozi moja! Kilichovurugika ni mpangilio tu. Mpokezi akachora kwa chaki visanduku ishirini na sita kwenye sakafu ya stoo, kila kimoja na herufi yake ndogo, nasi tukapiga magoti kuzipanga upya: Mama Kadi, mpokezi, mlinzi akitoka zamu, na mimi, ambaye nilikuwa mwepesi kuliko wote.

Siku ya tisa Mama Kadi akasimama mbele ya kisanduku cha b. Kadi kumi na moja. Cha d kilikuwa mlima. Akanigeukia taratibu. "Mzee wangu, herufi ulijifunzia wapi?"

Nilijifunzia kwenye herufi za chapa za madini ya risasi, tulizokuwa tukizipanga kwa mkono, na herufi ya risasi hukaa kinyume ili karatasini itoke sawa. Nikiwa na haraka, b ya watu kwangu ni d. Miaka hamsini hakuna aliyegundua. Alipoelewa, akacheka mpaka akakalia kreti, mara ya kwanza tangu kadi zianguke. "Na p na q je?" mlinzi akauliza. Tukakimbilia huko nako. Ilipofika saa kumi alasiri kila kadi ilikuwa kwao.

Alhamisi saa nne asubuhi ukurasa wa mwisho uliingia mashineni. Mama Kadi alisimama pale mikono mitupu, akashusha pumzi ndefu kama aliyetuliwa gunia kichwani. Nami nikashusha yangu. Nilikuwa silali.

Dada yetu, asante kwa kusoma kila ukurasa kana kwamba aliyeuandika ni mwanao, na asante kwa kutonifukuza stoo. Pumzika. Afya iwe nawe, na watu wapige soga mbele yako bila wewe kutafuta penseli.

Anayeyatilia shaka haya amuulize mlinzi, aliyeniona nikianguka, au mpokezi, ambaye magoti bado yanamuuma, au opereta aliyewasha mashine. Mama Kadi mwenyewe msimsumbue. Mumewe amepiga simu leo saa tatu asubuhi: mkewe bado amelala.