Bibi Polepole na Fimbo ya Mita Moja

Jumanne tarehe 16 Oktoba, saa nne asubuhi, hifadhi hii ilipoteza Matembezi ya Familia. Yalipotea kwa barua ya Mkurugenzi, ya mistari sita: nafasi ya mwongoza matembezi haitajazwa, vibao na ramani vinatosha. Aliyeishika nafasi hiyo anastaafu Ijumaa tarehe 30 Novemba, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi, ukiacha Jumapili alizokuja bila kuitwa kuangalia daraja limeamkaje baada ya mvua. Kamati ya jarida imeniomba wasifu mfupi na wa furaha. Ufupi nitajitahidi. Furaha ipo tele, maana si kila karani wa geti anayepata mtu wa kujivunia namna hii.

Watoto humwita Bibi Polepole, nasi watu wazima tukaiga. Hakuajiriwa kuongoza mtu. Aliajiriwa kufyeka nyasi kando ya njia. Siku yake ya tisa kazini alimkuta baba mmoja anarudishwa getini pamoja na wanawe wawili, eti msitu si mahali pa watoto. Akaweka fyekeo chini, akawapeleka mwenyewe hadi kwenye kijito na kuwarudisha wakiwa wamelowa hadi magotini, wanacheka. Jumamosi iliyofuata baba yule alirudi na majirani wawili na watoto saba. Tangu hapo Bibi akafyeka alfajiri, akaongoza kuanzia saa tatu asubuhi, na kwa miaka miwili hakuna aliyembadilishia cheo.

Wasioijua kazi yake hudhani ni kutembea mbele na kutaja majina ya ndege. Kazi yenyewe hufanyika Ijumaa mchana, msituni kukiwa hakuna mgeni. Bibi huchukua fimbo yenye urefu wa mita moja kamili, kimo cha mtoto wa miaka minne. Kila penye kona huisimika, huchuchumaa hadi macho yake yalingane na ncha yake, kisha hutazama. Mwiba ambao mtu mzima anaupita kwa kiuno, kwa mtoto uko usawa wa jicho. Upupu uliojificha chini ya majani, nyigu waliojenga chini ya ukingo wa daraja, vyote huonekana ukichuchumaa. Njia ina kona sitini na nne. Anachuchumaa mara sitini na nne kila Ijumaa, na magoti yake ya miaka sitini hayajawahi kuleta cheti cha daktari hapa ofisini.

Mkuu mmoja wa zamani alimkuta katika hali hiyo, akadhani anachuma uyoga saa za kazi. Akamwandikia barua ya onyo. Bibi alipokea barua, akashukuru, kisha akamwomba mkuu huyo achuchumae naye kidogo kabla ya kuondoka. Mkuu akachuchumaa, akageuza shingo, na tawi la miba likamvua kofia. Aliinuka bila kofia. Barua ile haikufutwa rasmi, lakini wiki hiyo hiyo Bibi alipewa cheo cha mwongoza matembezi.

Sasa niseme la hesabu, kwa kuwa hapo ndipo mimi ninapobishana na watu. Nimekaa getini miaka kumi na tisa. Nilikuja hapa kuchimba mashimo ya nguzo, na ni Bibi aliyeniona nahesabu nguzo kwa kichwa akaniambia niombe kazi ya daftari. Hivyo daftari naliheshimu. Kwa daftari langu na yale ya walionitangulia, ameongoza matembezi 1,412. Walioingia ni watu 38,124. Waliotoka ni 38,125.

Huyo mmoja wa ziada si kosa la karani. Zamani njia ilirudi kwa kilima kikali, na watoto walikipanda wakinung'unika. Siku moja waliingia ishirini na sita, wakatoka ishirini na saba. Tulihesabu mara tatu. Kumbe binti wa mkulima jirani alipenya kwenye uzio, akajiunga na mstari, akashika mkono wa mtoto wa mbele yake na kuimba nao hadi getini. Bibi hakumtuma mtu. Alimrudisha kwa miguu, akamkuta mama yake anamtafuta kwenye mahindi huku sauti imekauka. Bibi aliomba radhi kwanza, akaeleza baadaye. Yule mama akasema kama mtoto anapita hapo kwa wizi, basi bora wapite wote kwa ruhusa. Tangu hapo familia hupita pembezoni mwa shamba lake, njia tambarare, na kilima tumewaachia mbuzi.

Liko na jingine, na hili nalisema nikiwa na kinyongo. Miaka kumi na miwili iliyopita ofisi ilimleta mpimaji, kijana mrefu mwenye hatua za twiga. Aliipita njia mara moja, mita 2,300, akaandika kwenye vibao: DAKIKA 35. Hakukosea saa yake. Alikosea miguu. Familia zilisoma, zikaja bila maji wala kiporo cha njiani, na kufikia nusu ya safari watoto wakakaa chini. Nilifungua safu mpya kwenye daftari, nikaiita Waliorudi Mgongoni. Kwa miezi miwili walifika sitini na mmoja, na baba wengine walitoka hawawezi kunyoosha viuno.

Bibi hakugombana na mpimaji. Alimchukua mjukuu wake wa miaka minne, wakaipita njia pamoja, yeye akihesabu hatua za mtoto kwa kokoto mfukoni, kokoto moja kwa kila hatua mia. Zilikuwa hatua 6,540. Muda, pamoja na kusimama kutazama konokono wawili na kugombania jani moja, ulikuwa saa moja na dakika arobaini. Vibao vikabadilishwa. Miezi miwili iliyofuata, waliorudi mgongoni walikuwa watatu, na mmoja wao nina hakika alijisingizia usingizi.

Mafanikio mengine ni mengi: daraja lenye vishikio viwili, cha wakubwa na cha wadogo, magogo ya kukalia kila hatua mia tano, hatua za mtoto, na wale waliotembezwa wakiwa wadogo ambao leo huja na watoto wao na kuniuliza dirishani, kabla hata ya salamu, kama Bibi yupo.

Jumatatu iliyopita niliingia stoo kuchukua kamba. Nikakuta sanduku la vibao vipya, vile ambavyo barua inasema vinatosha. Viko kumi na viwili. Vyote vimeandikwa DAKIKA 35.

Nilimpelekea Bibi kimoja. Alikifuta vumbi kwa kiganja, akakirudisha kwangu. Tulikuwa tumemweleza kuhusu keki na blanketi tulizomwandalia, akasema: "Zawadi nitapokea, mama yangu hakunifunza kukataa. Lakini Ijumaa nikikagua njia nataka mtu ubavuni mwangu. Kibao hakichuchumai."

Bibi Polepole, kwa niaba ya watumishi wote, asante kwa kila kona. Umetufundisha kazi kwa kushuka, wakati wengi wetu tulihangaika kupanda. Nenda ukapumzishe magoti, ufurahie wajukuu, na siku zako zilizobaki ziwe ndefu na tambarare kama njia ya shambani.

Kwako Mkurugenzi, ninalo swali moja. Jumamosi tarehe 1 Desemba, saa tatu asubuhi, familia kumi na nne zilizojiandikisha zitasimama getini kwangu. Je, kuna mtu atakayeishika fimbo, ndiyo au hapana? Fimbo yenyewe iko nyuma ya mlango wangu. Bibi ataanza ukaguzi wake wa mwisho Ijumaa saa nane mchana, na huo ndio muda pekee uliobaki wa kumfundisha mtu. Kwa hiyo jibu lifike getini Alhamisi tarehe 29, kabla ya saa sita mchana, na kama ni ndiyo, lije na jina.