Yustus Byarugaba, Aliyefupisha Antena ya Ihembe (1954–1997)

Marehemu Yustus Byarugaba alizaliwa tarehe 3 Machi 1954 kijijini Ndama, Karagwe, katika familia ya wakulima wa kahawa na ndizi. Utotoni alikata waya wa mama wa kuanikia nguo ili redio ya nyumbani ishike stesheni. Gauni la kipaimara la dada yake likaanikwa juu ya mibuni. Alichapwa, lakini jioni wote walisikiliza taarifa ya habari.

Alisoma Ndama, kisha ufundi wa redio Mwanza. Vita vya 1978 vilimkuta mgamboni, akapangiwa mawasiliano, na huko ndiko alikoona antena fupi za magari ya jeshi. Mwaka 1980 aliajiriwa kuhudumia redio za hospitali ya misheni na zahanati zake.

Mwaka huohuo alifunga ndoa na Felicitas, wakakaa Ihembe. Waya wa antena ya zahanati ya hapo ulikuwa mrefu, ukapita juu ya kibanja, shamba la migomba la jirani, Mzee Kamugisha. Majani ya migomba yaliyolowa yakiugusa, sauti ilikufa. Yustus aliomba migomba michache ikatwe. Mzee akakataa: "Baba yangu amelala hapo. Nimwondolee kivuli kwa ajili ya waya?" Yustus, kwa adabu zake, akauacha waya ulivyo.

Novemba 1983, mvua ikinyesha, Felicitas alijifungua binti, akavuja damu nyingi. Muuguzi aliita gari kwa redio, hospitali haikusikia. Felicitas akafariki. Iliuma, na bado inauma.

Ndugu tulitaka panga liingie kibanjani. Yustus akasema, "Migomba ibaki. Antena ndiyo ipungue." Alizungusha waya kwenye bomba la plastiki, akausimamisha juu ya mlingoti uani mwa zahanati. Akifupisha mno, hospitali ilisikia mkwaruzo tu. Watu walisema anaongea na kuku. Mwaka 1985 antena isiyozidi upana wa paa ilijibiwa kwa sauti safi, mvua ikinyesha.

Mwaka uliofuata gari lililoitwa kwa antena hiyo lilimwahi Laurensia, mkwe wa Mzee Kamugisha, mtoto akiwa amekaa vibaya tumboni. Wote wawili walipona. Mzee akaja akakaa barazani kwa Yustus. "Shikamoo, mzee," Yustus akamwambia, akamletea kahawa ya kutafuna, kama tumpavyo mgeni wa heshima.

Alifunga antena kama hiyo Nyakasimbi na kwingineko, mpaka figo zilipomlaza mwaka 1996. Alifariki tarehe 14 Juni 1997.

Ameacha binti, Stephania Kokushubira, na dada, Anonciata, anayesoma wasifu huu. Mzee Kamugisha ameomba jina lake liandikwe kati ya wafiwa. Familia imekubali.

Yustus, ulale salama.