Unyayo wa Fundi

Ndugu, jamaa na majirani, familia imeniomba nisome maisha ya kaka yetu mkubwa, ambaye nje ya nyumba yetu mlimwita Fundi, na nitayasoma kama yalivyoandikwa, kwa sababu nikianza kuongeza sitamaliza.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, wa kwanza kati ya watoto watano wa mpiga chapa na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alianza shule ya msingi mwaka 1970 akamaliza 1976, akafaulu hesabu na kushindwa mengine yote, na baba akampeleka kwa rafiki yake mjenzi akajifunze kazi.

Tangu mwaka 1980 alikuwa fundi wa vigae. Alitandika sakafu za maduka, majiko ya watu na wadi mbili za hospitali, na kila alipomaliza chumba alivua viatu, akapita juu ya kazi yake taratibu, maana alisema akiwa na viatu hagundui kigae kilichoinuka.

Tarehe 14 Mei 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa mabinti wawili, ambao wameketi hapa mbele.

Mwaka 2014 doa jeusi lilimtokea kwenye kisigino cha kushoto. Nyumbani tulisema ni sugu ya kazi, zahanati ya kwanza ikasema hivyo hivyo, ya pili ikampa dawa ya kupaka bila kumvua soksi, na hatumlaumu mtu, foleni ilikuwa ndefu. Mwaka 2016 daktari wa ngozi alikata kipande kidogo kikapelekwa maabara, majibu yakarudi kuwa ni saratani ya ngozi, na tarehe 3 Oktoba akafanyiwa upasuaji, nyama ya kisigino ikaondolewa, ikapandikizwa ngozi ya paja, na tangu hapo alikagua sakafu kwa mguu wa kulia peke yake.

Daktari huyo, ambaye yuko nasi leo, aliomba picha ya mguu ule, iliyopigwa kabla ya upasuaji, ionyeshwe katika mafunzo ya kila mwaka ya madaktari wa ngozi. Kaka alimjibu, "Ionyesheni, lakini na mimi niwepo, mguu haujibu maswali." Basi kila mwaka alivaa koti lake la harusi, akakaa mstari wa mbele, unyayo wake mwenyewe ukiwa umejaa ukuta mzima. Daktari mmoja alimtania, "Fundi, mguu huu umekusafirisha kuliko kazi yako," naye akasema, "Tena haurudi na zawadi." Kisha aliwataka wote wavue viatu na soksi, kila mtu amkague jirani yake mpaka katikati ya vidole, wakacheka, wengine wakaona haya kwa soksi zilizotoboka, na yeye akangoja wanyamaze. "Hivyo ndivyo mgonjwa anavyojisikia," aliwaambia. "Mwombeni kwa upole, lakini avue."

Februari 2023 saratani ilionekana kwenye mapafu. Alilazwa, akaomba arudishwe nyumbani, shemeji akawa anamwosha na kumbadilishia nguo, na asubuhi ya Alhamisi, tarehe 22 Juni, akafariki.

Juzi madaktari walikuja kutupa pole, wakauliza kwa heshima juu ya picha, kwa kuwa mafunzo ni mwezi ujao na aliyetoa ruhusa hayupo. Walisema imewafumbua macho wengi, imeokoa watu, nasi tunaamini. Shemeji akasema, "Alisema awepo. Hatakuwepo. Iondoeni." Mmoja akauliza, "Sasa mama, tutafundishia nini?" Akamjibu, "Miguu mnayo. Vueni viatu." Familia imesimama na neno lake, na madaktari wamelikubali.

Tunawashukuru wauguzi na madaktari waliomhudumia, majirani mliotupikia na kutufagilia uwanja, na mafundi wenzake mliomaliza sakafu aliyoiacha nusu bila kuidai familia chochote. Ambaye hatukumtaja, atusamehe, vichwa vyetu bado havijakaa sawa.

Kaka mkubwa, kazi umeikabidhi. Pumzika sasa, na amani iwe nawe.