Chuo Kilichoanza na Vyumba Vinne

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, hatua chache kutoka stesheni ya Perry Barr, hapa Birmingham. Mvua ilinyesha, ikakata, ikanyesha tena, nasi tukabaki: Hafidh na chupa yake ya kahawa chungu, Idarous tunayemwita Profesa, Cleopas dereva wa basi tunayemwita Breki, na mimi. Hafidh hakunywa. Mapajani alishika karatasi alizochapisha, historia ya chuo kimoja cha umma huko Kanada. Binti yake, Asmahan, kapata nafasi ya kusoma huko, na jibu linatakiwa leo kabla ya saa sita mchana. "Bila radhi yako, Baba, siendi," kamwambia. Saa nne ilishapita.

— Kilianza na vyumba vinne, akasoma Hafidh. Karakana ya kuchomelea na darasa la wauguzi. Sasa kina kampasi sita.

— Sita! Breki akaruka. Mzee, hiyo si shule, huo ni moto wa nyika.

— Ni cha serikali, Breki. Kimekua kwa sheria.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Profesa. Na kibaba kikijaa, hupasuka. Mtoto yumo ndani.

— Methali haisemi hivyo, sheikh, akasema Hafidh.

— Inasema. Hukuisikiliza mpaka mwisho.

— Mimi naona hivi, akasema Breki. Kila wakijenga, wanasogea kaskazini. Kampasi ya saba itakuwa juu ya barafu. Na barafu ikiyeyuka?

— Unanipandisha homa, wewe, akasema Hafidh.

— Wameishiwa vijana, Profesa akanong'ona. Wanavuna wa wenzao. Leo Asmahan, kesho Birmingham nzima. Mchelea mwana kulia hulia yeye!

Hafidh akatazama saa. Saa tano na robo.

Kwamboka, muuguzi, akatokea upande wa stesheni, bado na sare ya kazi.

— Hamjambo wazee? Mbona nyuso za matanga?

— Binti yangu, akasema Hafidh. Chuo, Kanada.

— Ai, hongera! Anaenda kusomea nini?

Hafidh akafunua karatasi. Vyumba vinne. Karakana. Picha ya maktaba mpya.

— Hapa wanasema wana kozi mia na…

— Si karatasi, Baba Asmahan. Yeye amesemaje?

Mvua ikarudi. Hafidh akatoa simu, akalipata jina la mwanawe, ila hakulibonyeza.

— Nikimuuliza sasa anaenda kusomea nini, akasema, atajua kwamba sikuwahi kumuuliza.